Kilo Tano za Koplo

Mama yangu alifanya kazi stoo ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na kama kuna mtu aliwahi kumchekesha pale dirishani, mimi sijaambiwa. Lilikuwa dirisha dogo lenye nondo, na nyuma ya nondo alikaa yeye, miwani puani, kalamu sikioni, daftari mbele. Nesi akija kuomba glovu, anaulizwa boksi tupu liko wapi. Siku moja daktari mkuu mwenyewe alikuja kuomba taulo bila karatasi yenye sahihi, akarudi wodini mikono inadondosha maji. Wakampa jina: Bibi Stoo. Walidhani wanamtukana, yeye akalipenda.

Mimi ndiye mwanawe mkubwa. Ni msusi, na saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa hiyo lolote linalotokea humo ndani linanikuta nimesimama, chanuo mkononi. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza nilijuaje. Na ya kwangu nitayasema pia, maana sikuwa malaika.

Alipostaafu hakuiacha stoo, aliihamishia chumbani kwake. Ana kabati la milango mitatu, na kila rafu ameibandika karatasi: sabuni, nguo za ndani, dawa, mishumaa. Kila kitu kina tarehe ya kuingia kwa wino mwekundu. Sheria ni moja tu, ile ile ya hospitali: kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Ukiomba sabuni unapewa ile iliyokauka mpaka ikapasuka, hata kama ya jana iko pembeni inanukia. Tumeoga kwa sabuni za namna hiyo tangu utoto, tukazoea. Mke wa mdogo wangu hakuzoea, na wala hakuwa na nia ya kuzoea.

Mdogo wangu ni askari, na siku hizi hata nyumbani tunamwita Koplo. Alipelekwa na kikosi chake nchi ya jirani, kulinda amani katikati ya watu ambao amani yenyewe hawaitaki. Alimwacha mkewe na mimba ya miezi sita. Huyo mkewe ni mwalimu wa darasa la tatu, na kila binadamu anamwona yuko darasa la tatu. Kila akimaliza sentensi anaweka, "Tumeelewana?" Anakaa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya shule, na mtoto wa kike ambaye wakati wa mambo haya alikuwa na meno mawili na baba hajamtia machoni. Mimi na huyo wifi yangu hatukuwa tunaiva. Yeye na Mama, ndiyo usiseme.

Sasa sikia habari ya boksi. Ofisi ya kikosi inaruhusu kila askari atumiwe boksi moja kwa mwezi, kilo tano, isizidi hata punje. Lori linaondoka Ijumaa ya mwisho. Kwenye fomu kuna mstari mmoja wa jina la mtumaji, na mwenye jina hilo ndiye anayeweka sahihi, mwingine hapokelewi. Koplo aliijaza fomu hiyo kabla hajaoa, akaandika jina la Mama. Alipooa hakubadilisha. Kwa nini? Kamuulize mwenyewe. Mdogo wangu anaogopa kelele kuliko risasi. Matokeo yake Mwalimu akitaka kumtumia mumewe hata kiberiti, sharti akilete kwa mama mkwe, kiandikwe tarehe, kikae rafuni.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda kwa kununa tu, hakuna aliyeumia. Mwezi wa kumi ikaja sauti ya Koplo kwenye simu ya Mwalimu, naye akaileta saluni tuisikilize wote. Alisema kule mvua haikatiki, buti hazikauki, ngozi ya katikati ya vidole inatoka kama maganda. Anaomba soksi za pamba, nzito, nyingi kadiri tutakavyoweza, na dawa ya unga ya miguu. Kingine hataki. Halafu sauti ikalainika, akasema, "Nikitimiza mwaka nina likizo, siku kumi na nne. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi na mbili, nitakuwa nyumbani nimbebe mwanangu."

Mwalimu aliirudia mara tatu, machozi yanamlengalenga. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Ikadumu kama dakika mbili, kwa sababu Mama alifuta miwani yake akasema, "Vizuri. Nitapaka chokaa chumba chake. Atafikia hapa alipozaliwa."

"Atafikia aliko mtoto wake, Mama. Tumeelewana?"

"Mimi si darasa la tatu," Mama akamjibu. "Kaseme hivyo kwa wanaokojoa kwenye madawati."

Toka siku ile hapakuwa na lingine: Koplo akishuka kwenye gari atalala wapi usiku wa kwanza? Kila kitu kilichoingia kwenye boksi, hata njiti ya meno, kilikuwa kura ya jambo hilo.

Mwalimu akaleta soksi jozi kumi na mbili. Pamba tupu, nene, ukizishika unatamani uvae wewe. Mama akazipokea, akazihesabu, akaandika tarehe, akazipeleka kabatini, nyuma kabisa. Kwa sababu gani? Kwa sababu mbele kulikuwa na jozi ishirini za naironi alizozinunua miaka miwili nyuma duka moja lilipokuwa linafungwa. Zile ziliingia kwanza. Basi zikatoka kwanza! Jozi kumi za naironi zikaenda kwa mtu ambaye miguu inamtoka ngozi.

Na mimi niliziona. Boksi lilikuwa wazi juu ya benchi langu, nasuka mteja, na soksi zinaingia moja baada ya nyingine zinang'aa. Ningesema, "Mama, hizo siyo." Maneno matatu tu. Sikusema. Wiki mbili kabla, Mwalimu alikuja kumwona Mama akiwa amesukwa na yule mwanamke wa kona, yule anayevuta nywele za pembeni mpaka mtu anashindwa kufumba macho. Akakaa kwenye kiti changu mwenyewe, ndani ya saluni yangu, na kichwa kile! Nilipomtazama akasema, "Nilikuwa na haraka." Nikameza. Kwa hiyo naironi zilipokuwa zinaingia nilijua Mwalimu ataumia, nikaendelea kuchana. Niseme ukweli, nilifurahi. Miguu ya mdogo wangu haikunijia kabisa akilini.

Baada ya wiki tatu sauti ikaja tena. Safari hii haikuwa laini. "Jamani, nilisema pamba. Hizi zimenichubua mpaka damu. Juzi nimetoka doria na ndala, kamanda kanitoa mbele ya wenzangu kama mwizi."

Mwalimu alifika mbio, chaki bado mkononi, mtoto mgongoni. Hakubisha hodi, hakumwamkia mtu.

"Soksi zangu ziko wapi?"

"Ziko kwenye foleni," Mama akasema.

"Foleni?"

"Zamu yao ikifika zitatoka. Miaka thelathini na mmoja, hakuna kitu kilichoharibika kwenye stoo yangu."

"Miguu ya mume wangu imeharibika!"

"Mume wako," Mama akasema taratibu, akavua miwani, na akivua miwani ujue ni vita, "alikuwa mwanangu kabla wewe hujajua kuna mtu kama huyo duniani. Kwangu ndiko alikoingia kwanza."

"Basi kwa sheria yako aliingia kwako kwanza, akatoka kwako kwanza. Nikabidhi!"

Loo! Mteja wangu alijikuta anapiga kofi, akajidai anaua mbu. Mama akavaa miwani yake, akaenda chumbani. Sijawahi kumwona mtu akimnyamazisha Bibi Stoo, na nilichukia kwamba ni yule.

Mngedhani baada ya hapo soksi za pamba zingetoka zote. Thubutu! Mama ana kichwa kigumu kuliko mlango wa benki. Boksi la mwezi wa kumi na moja alilifunga mwenyewe: soksi sita za pamba, sita za naironi "maana naironi hukauka upesi," dawa ya unga kopo moja, na uzito uliobaki akaujaza kwa sabuni za mche na shati la kulalia la mikono mirefu. Shati! Mtu yuko kwenye matope hadi magotini. Nilimwambia safari hii, hapo nijipe haki yangu. Nikamwambia, "Mama, toa sabuni, weka pamba zote." Akanikata jicho. "Na wewe umehamia kwake?"

Ijumaa tukaenda, mimi nimelibeba kichwani. Nje ya ofisi ya kikosi foleni ilikuwa imefika getini, akina mama, akina baba, wake wa askari, kila mtu na boksi lake. Wote wameshajua kazi: mmoja anapima kwake kwa mizani ya samaki, mwingine amebandua hadi karatasi za maziwa ya kopo kupunguza uzito. Mwenye mizani ni sajenti mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, hana ugomvi na mtu, ana ugomvi na ile sindano. Ikipita tano anasema neno moja: "Punguza."

Zamu yetu imefika, namwona Mwalimu anakuja anakata foleni, kikapu mkononi, mkasi wa shule mkononi. Hakusema shikamoo. Alichana utepe wa boksi mbele ya macho yetu, akatupa naironi kule, sabuni kule, akapachika soksi zake nyingine alizonunua upya, picha ya mtoto na biskuti za bati.

"Unaniibia!" Mama akapiga kelele. "Sajenti, huyu si mtumaji!"

Sajenti hakutazama. Aliweka boksi kwenye mizani. Sindano ikasogea, ikapita tano, ikasimama.

"Punguza."

"Toa biskuti," Mama akasema.

"Toa shati," Mwalimu akasema.

"Shati limetangulia!"

"Shati la nini? Anakwenda kulala hotelini?"

Mama akashika upande mmoja wa boksi, Mwalimu akashika wa pili. Foleni nzima ikaanza kuchagua upande, huku "biskuti!", kule "shati!", watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Boksi likachanika katikati. Soksi, dawa, picha ya mtoto, vyote matopeni. Kopo la dawa likafunguka, unga ukamwagika kwenye viatu vya sajenti, akapuliza filimbi na kuita boksi la nyuma. Tulikusanya, tukatafuta boksi lingine, tukalikosa. Lori likaondoka. Mwezi ule Koplo hakupata hata uzi.

Na mimi nilikuwa nafanya nini wakati wanavutana? Nilikuwa narekodi. Nilitoa simu pale Mwalimu alipovuta, siyo pale Mama alipotangulia kushika, naomba hilo lieleweke, kwa sababu nilijua ninachokifanya. Nilitaka mdogo wangu amwone mkewe alivyo: kilemba kimeanguka, mdomo wazi, mtoto mgongoni anarushwa huku na huku. Jioni nikamtumia, na chini yake nikaandika, "Mtazame mke wako." Nikalala usingizi mzuri.

Siku saba hakujibu. Siku ya nane, Jumamosi, saluni imejaa, sauti ikaingia kwenye simu yangu, siyo ya Mwalimu. Iliandikwa: muisikilize wote. Nikamwita Mama, nikatuma mtu amwite Mwalimu. Walikaa kwenye benchi moja na kikapu katikati yao. Mteja wangu alikuwa nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, nikamwambia asubiri, akasema hata hana haraka.

Koplo alianza kwa adabu, kama kawaida yake. "Mama, shikamoo. Mke wangu, pole na kazi, na mtoto. Dada, video nimeipata. Ilinikuta nimelazwa zahanati ya kambi, miguu imefungwa yote miwili, simu kanishikia mwenzangu wa kitanda cha pili. Kwa hiyo tuliiona wawili, na hadi jioni kambi nzima imeiona. Hata kamanda. Wanapishana mlangoni wanaulizana, biskuti au shati. Sawa. Nimecheka na mimi, ningefanyaje."

Tukasikia mvua ya huko inavyopiga bati.

"Likizo yangu nimempa huyu mwenzangu. Nimeshasaini. Mimi nitabaki huku hadi mwaka mwingine uishe. Huku kazi yangu ni kukaa katikati ya watu wanaogombana. Nikija huko ni kazi ile ile, ila huko sina kofia ya chuma. Boksi msitume tena. Nimekwenda ofisini nimefuta jina la mtumaji, nimeacha mstari mtupu. Haya, kwaherini."

Mama akasema, "Amesema kwa hasira. Atakuja." Mwalimu akageuka akanitazama mimi. "Ulimtumia? Mtu mgonjwa, kalala, ukamtumia vile?" Nikamtazama Mama anitetee, maana siku zote nilikuwa upande wake. Mama akasema, "Una roho mbaya wewe. Sijui umeitoa wapi." Tangu Mwalimu aingie kwenye ukoo wetu hawakuwahi kukubaliana jambo, siku ile wakakubaliana. Nikamaliza kusuka nusu kichwa iliyobaki, nikasuka vibaya, mteja hakurudi tena.

Kumbe kila mmoja alikuwa bado anajidanganya kivyake. Mama akapaka chokaa chumba. Mwalimu akanunua chandarua kipya na kumshonea mtoto gauni la njano. Na mimi, nisijitoe, nilifua mapazia ya saluni. Tarehe kumi na mbili Mwalimu alikuja asubuhi na mapema na mtoto, akakaa saluni. Mama hakumuuliza amefuata nini. Tukakaa watatu, kila gari likipunguza mwendo shingo zinageuka.

Saa nane hodi ikapigwa. Mama, mtu wa miaka sitini na mitano, aliruka kama mwanamwali. Mlangoni alikuwa amesimama askari, mtu mzima, kipara, sare imepigwa pasi, mkoba begani. Hakuwa yeye.

"Shikamooni. Mimi ndiye wa kitanda cha pili," akasema. "Nakwenda kwa watu wangu, nimepitia mara moja. Koplo kanituma."

Tulimkalisha kwenye kiti cha wateja. Kabla hajashusha mkoba Mama alishakwenda kabatini, anarudi amekumbatia vitu hadi kidevuni, na safari hii hakuangalia tarehe. Mwalimu naye akafungua kikapu. "Utambebea hiki," "Hapana, hiki kwanza," "Hicho kizito, mpe hiki," na mimi nami na kopo la mafuta ya mgando mkononi, maana ngozi ikichubuka inataka mafuta. Sote watatu tumemzunguka, tunamsukumia vitu mapajani. Yule baba wa watu akanyanyua mikono yote miwili juu kama mtu aliyetekwa.

"Samahanini sana, mama zangu," akasema. "Kaniambia mambo matatu. Nimwone mtoto. Nimpige picha. Nisipokee kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote wa nyumba hii, hata pipi."

Mama alibaki amekumbatia vile vitu, hajui avipeleke wapi. Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Na mimi hakuniambia kitu?"

"Hakuniambia, shemeji." Alikuwa anaona haya, anatazama sakafu.

Akambeba mtoto. Mtoto akashika kifungo cha sare, akakivuta, akacheka na meno yake mawili, na yule mtu naye akacheka, akamrusha juu kidogo, akamdaka. Mwalimu akageukia ukutani. Mtoto wake alikuwa anabebwa na sare kwa mara ya kwanza, na ndani yake hakuwemo baba yake. Nilitaka kumshika bega, mkono ukakataa kwenda.

Kisha askari akamkalisha mtoto chini, katikati ya saluni, akarekebisha gauni la njano, akatoa simu. Mwalimu akajifuta uso, akachuchumaa karibu na mwanawe. Mama akaweka vitu chini haraka, akainama upande wa pili, akanyoosha kilemba. Mimi nikasimama nyuma yao, nikajichomoza.

Askari akashusha simu.

"Samahanini," akasema. "Kasema mtoto peke yake."

Tukasogea. Mama akajibana upande huu wa mlango, Mwalimu upande ule, mimi nyuma ya kiti. Mtoto akageuka huku, akageuka kule, akaona watu wote wamemwacha katikati ya sakafu, midomo ikaanza kumcheza, akaangua kilio. Mwalimu alitaka kwenda.

"Moja tu, shemeji," askari akasema, na akampiga picha hivyo hivyo, analia.